Rangi Inayokamata Mwanga

Rugera, Karagwe
Jumatatu, 18 Agosti

Mdogo wangu mpenzi Placidia,

Najua aliyekukabidhi bahasha hii ni mwanao Leonidas, na najua umeanza kumkagua yeye kabla ya kuifungua. Mkague. Mshike mashavu, mgeuze mgongo, mtume atembee mpaka kwenye zizi la mbuzi na arudi uone kama anahema. Ukimaliza kulia, keti, vaa miwani, usome. Shikamoo yako nimeshaipokea huku huku, marahaba. Mimi bado ni mkubwa kwako kwa miaka minne, na nakukumbusha mapema, maana leo utatamani kusahau.

Mimi ni mzima. Goti la kushoto linaniuma asubuhi, likipata jua linanyamaza. Wewe nyonga yako inaendeleaje? Mkamwana wako anakukanda kwa maji ya moto kama nilivyoagiza, au bado anakupaka yale mafuta ya mnadani yanayonuka tairi? Migomba yangu imestahimili. Mnyauko umechukua mashina matatu tu upande wa bondeni, nikayakata na kuyafukia mwenyewe. Kahawa imekubali. Mjukuu wangu Nikuze yuko darasa la sita na ameanza kunisahihisha ninavyoandika, kwa hiyo barua hii nimemkataza hata kuisogelea.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Placidia, simu yako inapokelewa na kila mwenye mkono, na ikishapokelewa inawekwa sauti ya nje, mpaka mtu anayepita na baiskeli ya ndizi hapo Nyakatuntu anajua mimi naumwa wapi. Maneno ya leo ni ya macho yako mawili tu. Usimpe mkamwana akusomee. Nimeandika mwenyewe kwa darasa langu la nne la kwa masista, siku ya tatu leo. Mstari ukipinda, unyooshe kichwani mwako.

Kwanza shukrani, maana mama alitufundisha kwamba mtu huanza na shukrani hata kama nyuma yake kuna mzigo. Mwanao yu hai. Anakula. Juzi amemaliza sahani ya ndizi za ebitooke na maharage akauliza kama kuna kilichobaki kwenye chungu, nami nikajifanya nakohoa ili asinione uso. Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari, na ninawashukuru watu nisiowajua majina walioingia baharini wakatoa kitu ambacho nitakueleza sasa hivi. Ulisikia habari hizi kwa simu, vipande vipande, na vingine ulijaziwa na majirani. Acha nikupangie.

Alipokuja kwangu mwezi wa tano alikuwa ameifunga suruali kwa kamba. Wewe ulinituma nimtunze kwa sababu kliniki iko karibu na kwangu na nyonga yako haikuruhusu kumzungusha. Nilimwuliza usiku huo huo, dawa zako za virusi unameza? Akaanza kunieleza habari za machimbo ya bati huko Kyerwa, jinsi wanavyolala watu wanane chumba kimoja, jinsi ilivyo vigumu kufungua kopo la vidonge mbele ya wenzako. Mwaka na nusu hakumeza. Nikamwambia, hao wenzako unaowaonea aibu ndio watakaokuchimbia kaburi, maana koleo wanazo tayari. Mimi na wewe tuliwazika watu miaka ile ugonjwa huu tulipouita Juliana, kabla haujapata jina lake la serikali, tukawazika wawili kwa wiki bila kidonge hata kimoja duniani. Leo kidonge kipo, kinatolewa bure, na mtu mzima mwenye ndevu anaona haya kukimeza! Nilimsema mpaka Nikuze akaja kuniomba nimwache alale.

Kliniki wakampokea vizuri, hawakumkaripia kama mimi. Daktari akasema kabla ya yote wamhesabu askari. Damu ya mtu ina askari wake, virusi vinawala. Wakizidi mia mbili, unaendelea na vidonge tu. Wakiwa chini ya mia mbili, lazima watafute maadui wengine waliokwishaingia wakati ngome haina mlinzi, na hasa kuna ukungu mmoja unaokaa kwenye damu kimyakimya, halafu unapanda kichwani. Ukiwahiwa, unatibika. Ukichelewa, umezika. Kwa hiyo kila kitu kilingoja hesabu hiyo.

Siku ya Jumatano tulikwenda. Mashine haikuona askari hata mmoja. Si kwa Leonidas tu, kwa kila mtu aliyetolewa damu siku ile, hata kwa ile damu ya majaribio ambayo hesabu yake inajulikana. Tukaambiwa dawa ya kuhesabia imekufa, nyingine itaagizwa Mwanza, tusubiri. Tulisubiri siku ishirini na nne. Vidonge alianza, lakini hakuna aliyejua kama ukungu umo au haumo. Siku za mwisho akaanza kushika kichwa. Alikuwa akijificha nyuma ya jiko asinionyeshe, kana kwamba mimi sijui mtu anavyoshika kichwa.

Dawa mpya ilipofika wakamhesabu siku hiyo hiyo. Sitini na mmoja. Placidia, askari sitini na mmoja, watu wengi kuliko hao huja kwenye jumuiya yetu! Wakapima ukungu, upo. Wakamkimbiza hospitali kubwa, wakamtoboa mgongo, wakakuta umeshafika mlangoni mwa ubongo lakini haujakaa. Wakamtundikia maji ya dawa, kisha vidonge, na mimi nililala sakafuni chini ya kitanda chake siku kumi na sita nikigombana na kila muuguzi. Daktari wa huko aliniambia wazi kwamba bila ile hesabu wangemtibu malaria mpaka afe, na kwamba ingechelewa wiki moja zaidi, barua hii ningekuandikia ya namna nyingine.

Sasa nije kwa Edgar. Huyu ndiye mpangaji wangu wa chumba cha uani, mtu wa Muleba, fundi wa maabara pale kituoni, miaka thelathini na moja, mrefu, anatafuna polepole kama anayehesabu punje. Ndiye anayeiendesha ile mashine. Ndiye uliyemwandikia malalamiko. Subiri, nitafika huko.

Edgar alikuja kututazama hospitali siku yake ya mapumziko, akaniletea sabuni na kanga safi. Nikamwuliza kwa ukali, hiyo dawa yenu ni dawa gani, mbona hamuwezi kuhesabu bila hiyo, macho hamna? Akacheka, akasema bibi, tone moja la damu lina watu kuliko mkoa mzima wa Kagera, na wote wanafanana. Halafu akakaa chini, akanieleza kama mtu anayemweleza mama yake. Akasema dawa ile inatoka kwenye mwani. Nikamwambia usinichezee, mwani ninao shambani, maana kwetu hilo ni jina la kahawa. Akasema si huo, ni majani yanayoota chini ya bahari, mekundu.

Akasema kule chini jua likifika limeshachoka, ni makombo tu ya mwanga. Kwa hiyo Mungu ameyapa majani yale rangi ya kudaka makombo hayo, isipotee hata punje. Rangi hiyo ni protini, jamaa na ile ya maharage na ya yai, ila yenyewe imezaliwa na kazi ya kukamata mwanga. Wataalamu wakaichuja wakaiweka kwenye vichupa. Halafu wanaifunga kwenye kitu kingine kinachomjua askari kwa sura, kama wewe unavyomfunga mbuzi wako kitambaa chekundu ili asichanganyike na wa jirani. Damu ikipita kwenye mashine, taa inamulika, kila askari aliyefungwa kitambaa anawaka, na mashine inamhesabu akiwaka. Akasema rangi hizo hizo zinatumika hospitali kubwa kuwatambua wenye saratani ya damu, waipate dawa inayowafaa.

Nilimtazama mwanao amelala na sindano mkononi, nikawaza jani lililoko chini ya bahari ambayo sijaiona maisha yangu yote, likikusanya mwanga kidogo kidogo gizani, na mwanga huo umekuja kumwonyesha Leonidas wetu adui aliyejificha. Nikasali hapo hapo sakafuni. Muuguzi mmoja akadhani nimeanguka.

Edgar akaongeza neno moja. Akasema, lakini bibi, kitu kilichoumbwa kudaka mwanga mdogo hakistahimili mwanga mkubwa. Jua kali linaichoma rangi ile, na joto linaiua. Ndiyo maana inakaa baridini na gizani. Nikamjibu haya, nimesikia. Na kweli nilisikia kwa masikio, lakini moyo ulikataa kufungua mlango.

Tuliporudi nyumbani nilishuka Kayanga kununua sukari katika duka la Mwaja, yule mama wa Kiislamu ambaye kwao ni Jambiani, Unguja, unayemjua kwa kuzidisha pilipili kwenye maandazi. Nikamwuliza kama ni kweli majani yanaota baharini au Edgar alitaka kuniburudisha. Akanicheka mbele ya wateja wake, akasema Bi Xaveria, nyie mkishaona mgomba mnadhani Mungu alimaliza kuumba. Akanitolea mwani mkavu kwenye mfuko, kahawia na zambarau, umejikunja kama nywele. Akasema mama yake aliulima maisha yake yote, wanauanika, lakini kwa kuuangalia. Mwaka mmoja mama aliusahau kwenye bati la paa wiki nzima, jua na manyunyu, wakaukuta mweupe kama uzi. Rangi yote imekimbia, akasema, wala hairudi.

Placidia, niliiacha sukari juu ya kaunta. Mwaja alinikimbilia nayo barabarani.

Kabla sijakwambia kwa nini, kwanza nikuseme, maana una sehemu yako. Wewe umekaa Nyakatuntu na nyonga yako, ukasikia mashine imeshindwa, ukaamua ni uzembe wa Edgar. Hukuniuliza mimi niliyekuwapo. Ukamwita mtu akuandikie malalamiko, ukatia sahihi kwa herufi kubwa kabisa, ukaandika kwamba aliacha dawa iharibike kwa sababu ya kulewa. Edgar hanywi hata rubisi! Kila sherehe ya kwangu anakaa na chupa ya soda kama mtoto wa komunyo. Barua yako ikafika kituoni, wakamtoa maabara, sasa ni wiki ya tano anakaa dirishani anaandika kadi za wagonjwa. Watu wanaopita wanamnong'ona. Alhamisi hii kamati inakaa, na wanasema anaweza kufukuzwa kazi.

Na ujue jambo hili. Siku ile mashine ilipogoma, mwenzake mmoja alimshauri aandike tu namba za kukisia, watu waende zao, nani angejua. Edgar alikataa. Alisema mbele ya foleni kwamba dawa imekufa na yeye ndiye anayejibu. Angemwandikia Leonidas mia tatu ya uongo, hakuna daktari ambaye angeutafuta ule ukungu, hata dawa mpya ilipokuja. Mwanao anapumua kwa sababu mtu uliyemwita mlevi alikataa kusema uongo mbele ya watu waliokuwa wakimzomea.

Sasa nakuja kwangu. Nimenywa maji kwanza.

Jumatatu jioni, kabla ya Jumatano ile ya mashine, Edgar alitoka mjini na pikipiki akiwa na sanduku la baridi la kituo, ndani yake dawa ya kuhesabia. Mvua ilimpata. Akateleza kwenye kijito pale chini kwetu, yeye na sanduku wakaingia majini. Kituoni umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake, friji imelala, kwa hiyo akalileta sanduku nyumbani, barafu ikiwa bado ipo. Asubuhi aliisukuma pikipiki kwa fundi na kwenda kutafuta barafu nyingine. Akaniambia bibi, sanduku hilo msiliguse, likae hapo kivulini, narudi saa nne.

Nikamwambia sawa. Moyoni nikasema, huyu ananikataza kugusa kitu kwenye nyumba yangu?

Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Nililisukuma kwa mguu, nikasikia maji yanacheza ndani. Nikalifungua. Visanduku vya karatasi vimelowa vimekuwa uji, na vichupa vimefungwa karatasi za fedha, kila karatasi imeshika maji yake. Wewe unanijua. Baba alitulea na neno moja: kahawa ikilala na maji usiku mmoja, umepoteza mwaka. Mimi siwezi kuona mali ya mtu imelowa nikaketi. Nikavua zile karatasi za fedha moja moja, nikavipanga vichupa kwenye chanja katikati ya kahawa yangu, ishirini na viwili, jua limechanua kama linavyochanua baada ya mvua. Na nilikuwa nikivigeuza, Placidia, kila mara, kama buni, ili vikauke pande zote. Vilipoingia juani vilikuwa na wekundu mwepesi, kama maji yaliyosuuziwa kanga mpya. Nilipoviokota saa nane vilikuwa vimekuwa vyeupe. Nikadhani uchafu umetoka.

Nikavifuta, nikavifunga karatasi zake vizuri kuliko vilivyokuja, nikalikausha sanduku, nikavirudisha. Edgar alirudi saa tisa na barafu yake, akaiweka juu, akakimbia kituoni. Nilijisifu siku nzima. Nilisema kijana wa watu atakuta mali yake kavu, atajua ana mama hapa. Sikumwambia, nilitaka afurahi mwenyewe.

Kwa hiyo ni mimi. Si ulevi, si uzembe wa Edgar, si Mwanza. Siku ishirini na nne za mwanao ni mimi dada yako niliyezianika juani. Nilijua nilipokuwa dukani kwa Mwaja, na pengine nilijua tangu hospitali. Nikakaa nalo wiki tano. Kila asubuhi nilimwona Edgar akivaa shati lake safi kwenda kuandika kadi, nami nikampa chai, na mdomo ukakataa. Nilijiambia Leonidas apone kwanza. Leonidas akapona. Nikajiambia kahawa ivunwe kwanza. Ni kiburi. Mimi niliyewasema watu wa kijiji kizima kwa kutofuata maagizo ya daktari, nilipewa agizo moja la maneno matatu.

Jumatano iliyopita nilikwenda chumbani kwake. Alikuwa anafua soksi kwenye beseni. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana nikikaa ningetafuta maneno ya kujitetea. Hakuinua kichwa. Akasema bibi, najua. Alijua tangu Jumatano ile ya mashine, kwa sababu alipoifungua karatasi ya fedha alikuta ganda la kahawa limeganda kwenye kichupa, na maabara yao hailimi kahawa. Nikamwuliza kwa nini amebeba aibu yangu miezi yote hii. Akasema sanduku lilikuwa dhamana yake, si yangu, na mwenye kosa la kwanza ni yeye aliyeliacha. Halafu akasema neno lililonivunja. Akasema ningekutaja, Leonidas angesikia, na Leonidas alikuwa anakula kutoka mkononi mwako. Angeacha kula kwako, angekula kwa nani?

Nililia. Mara ya mwisho uliniona nikilia tulipomzika mama.

Siku ya pili nikamwambia mwanao. Tulikuwa tunachambua kahawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kweli nilikuwa nikivigeuza. Nikasema ndiyo, kila mara. Basi akacheka, akacheka mpaka akashika ubavu, akasema mama mkubwa, wewe huna kazi unayoifanya nusunusu, hata kuniua ulitaka kuniua kwa bidii. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Halafu kicheko kikamwisha ghafla, akainuka akaenda zake bondeni, na sikumwona mchana kutwa. Sikumfuata. Nilipika tu, nikafunika, nikakaa mlangoni. Alirudi jua linazama, akanawa mikono, akasema leta. Akala. Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Alikula, Placidia.

Ijumaa nilivaa kitenge changu cha Pasaka nikaenda kwa mganga mfawidhi wa kituo. Nilimwambia. Akaniuliza maswali, akaandika, akasema ananiamini, lakini kuna malalamiko yenye jina na sahihi ya mama wa mgonjwa, na bila neno la huyo mama, kamati itayaona maneno yangu kuwa huruma ya mwenye nyumba kwa mpangaji wake. Alhamisi nitakwenda na nitasimama mbele yao wote niyaseme tena, hata kama ni kwa goti hili. Lakini maneno yangu peke yake hayatoshi. Yanahitaji ya kwako.

Ndiyo maana nimemtuma Leonidas mwenyewe, kwa miguu yake, ili uone kwanza mtu aliyeokolewa kabla ya kusoma aliyetaka kumpoteza. Ndani ya bahasha nimeweka karatasi nyeupe. Andika kwamba uliyoyasema kuhusu ulevi hukuyaona kwa macho yako, na kwamba umeshaambiwa ukweli na aliyeufanya. Nitaje jina. Liandike lote, usilipunguze. Tia ile sahihi yako kubwa. Mpe Leonidas kesho kutwa asubuhi, anarudi huku kwa kliniki ya mwisho wa mwezi, kisha atakuja kukaa nawe mpaka uchoke naye.

Sikuombi usinikasirikie. Mwana ni wako, uchungu ni wako, na mimi ningekuwa wewe ningekuwa nimeshachana barua hii. Ila usichanganye mambo mawili. Karatasi ya Edgar haiwezi kungoja, ina siku yake. Hasira yako inaweza kungoja, haiharibiki. Karatasi mpe Leonidas. Hasira niletee mwenyewe, nyonga ikikuruhusu. Nitakupokea, nitakupikia, na utanisema mpaka utakapomaliza. Sitajibu neno. Unajua hilo kwangu ni malipo makubwa.

Nisalimie mkamwana, mwambie yale mafuta ayapake bawaba za mlango. Wasalimie watoto wote, na mzee wa jirani anayesikiliza simu zetu. Nakuombea usingizi mzuri baada ya kusoma haya, na kama usingizi hautakuja, mwangalie mwanao anavyopumua.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni,

Xaveria